Gari Likisumbua Kuwaka, Nusa Kabla ya Kupiga Stata Tena

Ndugu dereva, ndugu fundi, na wewe mwenye gari uliyelikabidhi kwa mtu mwingine: kama gari lako la petroli limeanza kuchelewa kuwaka, stata inazunguka weee ndipo injini ishike kwa kusitasita, na ukifungua boneti unapokewa na harufu ya petroli, usipige stata tena. Usiite vijana walisukume. Usikubali mtu amimine petroli kwenye mdomo wa injini. Toa ufunguo, shusha abiria, na usome tahadhari hii mpaka mwisho kabla mtu hajashika spana.

Naiandika kwa ajili ya barabara yetu yote, kuanzia Vurra mpakani mwa Congo, kupitia Arua na Maracha, hadi Koboko na Oraba mpakani mwa Sudan Kusini. Tangu lami ipite njia hii, gari dogo linatoka Arua Hill asubuhi, linashusha abiria Koboko na kurudi kabla ya adhuhuri. Hilo ni jema. Lakini mengi ya magari yanayofanya kazi hiyo ni Toyota na Subaru zilizoundwa Japani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yaliyozidi umri wa miaka 15, ila haikuyaondoa barabarani yale yaliyokwisha kuingia. Mipira iliyomo kwenye injini hizo imechoshwa na joto kwa miaka ishirini na zaidi. Kipande kimoja cha mpira huo kikipasuka, gari linaweza kuungua na watu ndani.

Kipande hicho kimo ndani ya regyuleta ya presha ya mafuta. Wengi hawaijui, na ndiyo maana mtu hununua betri mpya, plagi mpya, hata pampu mpya, na gari bado likasumbua huku hatari ikibaki palepale.

Regyuleta inafanya kazi gani

Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli nyingi kuliko injini inavyohitaji. Petroli hiyo hupita kwenye chujio, hufika kwenye reli ya mafuta, yaani lile bomba linalozigawia noza, na katika magari mengi ya zamani mwisho wa reli ndipo ilipo regyuleta. Ni kikopo cha chuma kinachoenea kiganjani. Ndani yake mna springi na diaframu, utando wa mpira uliokazwa kama ngozi ya ngoma. Upande mmoja wa utando kuna petroli, upande wa pili kuna springi na hewa. Presha ikizidi nguvu ya springi, utando hunyanyuka, na petroli ya ziada hurudi tangini kwa bomba lake. Presha ikishuka, utando hulala na njia hufungwa.

Kutoka kwenye kikopo hicho kuna mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi, pale injini inapovutia hewa. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mvuto wa hewa huuinua utando na presha hupungua kidogo. Dereva akikanyaga, mvuto hupungua, presha hupanda, na noza hazipungukiwi. Gari likizimwa, regyuleta nzima hubaki imefunga njia ili petroli isirudi tangini, na reli ibaki imejaa kwa ajili ya kuwaka tena.

Sasa tazama inavyoharibika. Kwanza, mlango wake unaweza kuacha kufunga sawasawa. Ukizima gari, petroli inashuka taratibu kurudi tangini, reli inabaki tupu, na asubuhi stata inazunguka muda mrefu kabla pampu haijaijaza upya. Pili, springi inaweza kulegea, presha ikawa ndogo wakati wote, na gari likakosa nguvu mlimani. Au njia ya kurudishia ikaziba, presha ikapita kiasi, na moshi mweusi ukatoka. Tatu, utando wenyewe unaweza kupasuka. Hapo petroli hupenya hadi upande wa hewa, huingia kwenye ule mpira mwembamba, na kunyonywa na injini bila kupitia noza wala kupimwa na kompyuta ya gari.

Ubovu wa kwanza unachosha. Wa pili unaharibu. Wa tatu unaweza kuua, na dalili yake ya mwanzo inafanana kabisa na ya ubovu wa kwanza: gari linachelewa kuwaka. Ndiyo sababu nasema usizoee kuchelewa huko.

Jiulize linasumbua saa ngapi

Dereva ndiye shahidi wa kwanza, na fundi mwerevu humhoji kabla ya kufungua chochote. Je, gari linasumbua asubuhi tu, baada ya kulala usiku kucha? Au linasumbua ukisimama kidogo ukiwa safarini?

Mfikirie mtu anayetoka Kampala. Anavuka Nile pale Pakwach, bondeni, kwenye joto kali. Anasimama nusu saa, anakula samaki, anarudi kwenye gari. Stata inazunguka, injini haishiki. Gari lenye mfumo mzima huhifadhi presha kwenye reli baada ya kuzimwa, na presha hiyo huizuia petroli isichemke ingawa injini ni ya moto. Presha ikivuja, petroli iliyobaki kwenye reli hugeuka mvuke, na noza hupuliza mvuke badala ya petroli. Likipoa, linawaka kana kwamba halikuwa na shida. Kisha likianza kupanda kuelekea Nebbi linakosa nguvu. Maelezo hayo yakitolewa vizuri, fundi anajua aanzie kwenye presha ya mafuta.

Lakini kama linasumbua likiwa la moto, likiwaka linatoa moshi mweusi, linatetemeka, na petroli inanukia hata kwenye bomba la moshi, basi injini imelewa petroli. Hapo hesabu ya utando uliopasuka iwe ya kwanza.

Kama stata yenyewe inazunguka kwa uvivu, shida ni betri, nyaya zake au stata. Kama injini haishiki kabisa na hakuna harufu yoyote ya petroli, angalia fyuzi na rilei ya pampu, pampu yenyewe, na cheche za plagi. Senza ya joto la maji ikiharibika pia huidanganya kompyuta, na gari likasumbua asubuhi au likala petroli kupita kiasi. Kuna sababu nyingi za gari kusumbua kuwaka. Ndiyo maana kukisia ni ghali na kupima ni rahisi.

Kipimo cha kwanza: ule mpira mwembamba

Kipimo hiki hakihitaji chombo. Kinahitaji injini iliyopoa, mahali pa wazi, na watu wasiovuta sigara.

Zima gari na uliache lipoe kabisa. Fungua boneti, tafuta regyuleta kwenye reli ya mafuta, na uchomoe taratibu ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi. Weka kitambaa safi cheupe au karatasi kwenye mdomo wa mpira. Nusa. Tazama pia kile kidomo cha regyuleta mpira huo ulipokuwa umechomekwa.

Mpira huo ni wa hewa tu. Haupaswi kuwa na petroli hata tone moja. Ukiona umelowa, ukaona kitambaa kimeshika unyevu, au ukasikia harufu kali ya petroli mbichi ndani yake, utando umepasuka. Hakuna haja ya kubishana. Gari hilo halitembei tena kwa injini yake mpaka regyuleta ibadilishwe, hata kama gereji iko ng'ambo ya barabara. Livutwe.

Mpira ukiwa mkavu, usiseme bado kwamba regyuleta ni nzima. Ufa mdogo huvuja pale tu presha inapokuwepo. Fundi mwenye pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa aiunganishe kwenye kidomo cha regyuleta na avute: mshale wa geji ya pampu hiyo usimame. Ukishuka, utando umetoboka. Usiwashe injini huku umeinamia kidomo kilicho wazi kutazama kama kitadondosha. Petroli ikiruka ikagusa bomba la moshi lenye moto, hutapata nafasi ya kukimbia.

Kisha vuta kijiti cha oili

Watu wengi huruka hatua hii, na hapa ndipo injini zinapokufa. Petroli iliyoingia kwenye silinda bila kuungua hupita kandokando ya pistoni na kushuka kwenye oili. Vuta kijiti. Je, oili imepanda kuliko ulivyoiacha? Ni nyepesi kama maji? Inanuka petroli? Kama jibu ni ndiyo, oili hiyo haiwezi tena kulinda beringi za krenki. Mvuke wa petroli uliokusanyika humo unaweza hata kulipuka.

Ukishabadilisha regyuleta, mwaga oili yote, badilisha na chujio lake, ndipo uwashe injini. Kubadilisha regyuleta na kuacha oili iliyochanganyika na petroli ni kutengeneza nusu ya gari. Na kama petroli imejaa ndani ya silinda, kupiga stata kwa nguvu au kulisukuma gari kunaweza kupinda mkono wa pistoni, kwa sababu pistoni haiwezi kuibana petroli kama inavyobana hewa. Toa plagi kwanza, uone kama zimelowa.

Geji iseme, sisi tunyamaze

Mpira ukiwa mkavu na oili ikiwa safi, kinachofuata ni geji ya presha ya mafuta. Gereji yoyote inayopokea magari ya noza inapaswa kuwa nayo. Mwenye gari, uliza kama ipo kabla hujakubali kununua pampu.

Kabla ya kufungua bomba lolote, presha iondolewe. Toa fyuzi au plagi ya umeme ya pampu, washa gari mpaka lizimike lenyewe, piga stata sekunde mbili au tatu tena, kisha toa waya hasi wa betri. Funika kiungo kwa kitambaa unapokifungua. Geji ikishafungwa na kiungo kukaguliwa, rudisha umeme wa betri na wa pampu ndipo upime.

Vitabu vya ufundi vya Toyota vinatoa vipimo vinavyosaidia. Kwa injini nyingi za zamani zenye bomba la kurudishia, ule mpira mwembamba ukichomolewa na kuzibwa, presha iwe kati ya psi 38 na 44. Ukirudishwa injini ikiwa imetulia, presha ishuke kwa psi kama 8 hadi 10. Isiposhuka kabisa, regyuleta haisikii mvuto wa hewa, au mpira wenyewe umeziba au umetoboka. Baada ya kuzima, presha isishuke chini ya psi 21 kwa dakika tano. Kwa gari la aina nyingine, fuata kitabu chake.

Presha ikishuka haraka baada ya kuzima, sasa tafuta inakotorokea. Tumia koleo laini la kubania mipira, na ubane sehemu ya mpira pekee, kamwe usibane bomba la chuma wala la plastiki. Fanya hivi kwa hatua. Jenga presha, zima, na papo hapo bana bomba la kurudishia. Kama presha sasa inasimama, regyuleta ndiyo inayovujisha. Kama bado inashuka, achia, jenga presha upya, zima, na bana bomba linalotoka kwenye pampu. Ikisimama hapo, kosa liko kwenye pampu, kwenye kile kilango kinachozuia petroli isirudi nyuma. Kama bado inashuka, rudia huku ukiyabana yote mawili baada ya kuzima; ikishuka hata hapo, na hakuna tone linalovuja nje, noza zinavuja ndani ya injini, na plagi zitakuonyesha ni silinda ipi. Usibane bomba la kurudishia huku pampu ikifanya kazi. Presha hupanda kwa kasi, na mpira mzee unaweza kupasuka usoni mwako.

Kuna hila inayofundishwa sana: fungua ufunguo sekunde mbili bila kupiga stata, funga, rudia mara tatu, kisha washa. Likishika mara moja, presha ilikuwa imevuja. Kwa Subaru, Nissan na Honda nyingi kipimo hiki kinafaa, maana pampu hufanya kazi sekunde chache ufunguo unapofunguliwa. Kwa Toyota nyingi za zamani kinadanganya, kwa sababu pampu haianzi mpaka stata izunguke. Fundi wa Toyota hizo huunganisha FP na +B kwenye kisanduku cha kupimia chini ya boneti ili pampu ifanye kazi bila injini. Asiyejua tofauti hii ataihukumu pampu nzima kuwa mbovu.

Gari lako huenda halina kikopo hicho

Magari ya karibuni zaidi, kama Toyota nyingi zenye injini ya 1ZZ, hayana bomba la kurudishia kutoka kwenye injini. Regyuleta yake imo tangini pamoja na pampu, na presha yake huwa kati ya psi 44 na 50. Usipoteze muda kuitafuta kwenye reli. Lakini kumbuka kwamba kuifikia ni kufungua tangi, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma, ndani ya gari. Kazi hiyo ifanyike nje, milango yote wazi, tangi likiwa chini ya nusu, na waya wa betri umetolewa.

Toyota zilizoandikwa D-4 kwenye kifuniko cha injini zina pampu ya pili, yenye presha kubwa mara nyingi zaidi ya hii ninayoizungumzia. Vivyo hivyo injini za dizeli za kisasa. Presha hiyo hupenya ngozi. Fundi asiye na vifaa vyake asilegeze nati hata moja. Boda boda nyingi zinatumia kabureta, na tahadhari hii ya regyuleta haizihusu, ingawa tahadhari ya petroli na moto inatuhusu sote.

Kataa mambo haya

Kataa fundi anayekunja bomba la kurudishia na kulifunga waya ili "gari lipate nguvu". Litawaka haraka siku hiyo, dereva atalipa na kushukuru. Kisha presha itasukuma petroli kwenye kila kiungo chenye mpira mzee, noza zitazidisha, na pampu itaungua. Tiba hii ya uongo huenea upesi kwa sababu mwanagenzi huona mteja ameondoka akitabasamu, naye akaichukua kama elimu.

Kataa kuziba kidomo cha regyuleta kwa skrubu na kuziba upande wa manifoldi pia ili petroli "isiingie tena". Utando uliopasuka umebaki palepale, na sasa petroli yenye presha inazuiwa na skrubu peke yake, juu ya injini yenye moto.

Kataa kumiminiwa petroli kwenye mdomo wa injini. Cheche ikirudi nyuma, moto humfuata aliyeshika chupa.

Kataa kulisukuma gari lenye harufu ya petroli. Petroli isiyoungua huingia kwenye katalisti ya bomba la moshi, huungulia humo, na katalisti huwa nyekundu kwa joto.

Kataa kupiga stata mfululizo. Sekunde kumi zinatosha, kisha ipumzike. Stata inapata moto, betri inachoka, na kila mzunguko unaongeza petroli palipokwisha kujaa.

Kataa regyuleta kuukuu iliyotolewa kwenye gari jingine bila kupimwa. Mpira wake una umri uleule wa ule uliopasuka. Na ukinunua mpya, namba yake ilingane na injini yako. Regyuleta ya gari jingine inaweza kuingia vizuri na bado ikatoa presha isiyofaa.

Petroli haisubiri kibiriti

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa chini, huingia kwenye shimo la gereji, hufika kwenye jiko la makaa la mama anayepika jirani au kwa kijana anayechomelea mageti. Moto huanzia huko na kuufuata mvuke kurudi kwenye gari.

Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuhadithiwa petroli inafanya nini. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, mashariki mwa Congo, lori la mafuta lilipinduka, petroli ikamwagika, moto ukalipuka na watu zaidi ya mia mbili wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro nchini Tanzania, lori jingine liliwaka watu wakichota petroli, wakafa zaidi ya mia moja. Gari lako dogo halibebi kiasi hicho, lakini watu watano waliobanana ndani, mizigo imeziba mlango wa nyuma, hawahitaji lori zima.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine ya msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi nyasi za West Nile zimekauka. Injini iliyolewa petroli hupasha katalisti joto lisilo la kawaida, na dereva akiegesha gari juu ya nyasi ndefu kando ya barabara, nyasi zinaweza kushika moto chini ya sakafu ya gari. Gari lenye moshi mweusi au harufu ya petroli lisiegeshwe kwenye nyasi kamwe.

Weka kizimamoto cha unga ndani ya gari, mahali ambapo mkono wa dereva unafika. Gereji iwe na ndoo za mchanga. Usimwagie maji petroli inayowaka, maana itaelea na kusambaa. Boneti ikifuka moshi au moto, usiifungue yote kwa pupa, kwani hewa itaupa moto nguvu. Toa watu kwanza, wasogee mbali, kisha piga 999 au 112.

Petroli ya jerikeni inachanganya uchunguzi

Arua ina historia ndefu ya petroli ya kando ya barabara. Vijana waliojulikana kama vijana wa OPEC waliiuza kwa miaka mingi, nyingi ikivuka mpaka wa Congo, na siku ambazo vituo vilikauka wao ndio waliotuvusha. Simhukumu anayetafuta riziki. Nasema tu kwamba petroli iliyohifadhiwa kwenye jerikeni inaweza kuwa na maji, vumbi, au mafuta ya taa, na uchafu huo huziba chujio, huchosha pampu, na hulifanya gari lisumbue kuwaka kama lenye regyuleta mbovu. Fundi akuulize ulijaza wapi mara ya mwisho, nawe umjibu ukweli. Atoe petroli kidogo kwenye chupa safi ya kioo, aiache itulie. Maji yatakaa chini, nawe utayaona.

Na jerikeni ya akiba isisafiri ndani ya gari pamoja na abiria, kwa sababu yoyote ile. Kuiweka ndani ya gari lenye regyuleta inayovuja ni kuongeza petroli juu ya petroli.

Tufanye nini leo

Mwenye gari, leo jioni injini ikishapoa, chomoa ule mpira mwembamba na unuse. Vuta kijiti cha oili na unuse. Kama hujui mpira huo ulipo, mwombe fundi akuonyeshe mbele ya macho yako, kisha umwonyeshe na dereva wako. Dereva akikuambia gari linanuka petroli, usimjibu amalize hesabu ya leo kwanza. Ukimjibu hivyo, umemwambia aendelee kubeba watu juu ya moto.

Dereva, una haki ya kukataa kuendesha gari la namna hiyo, na una wajibu wa kumwambia abiria ukweli. Safari ya Koboko inaweza kusubiri hadi kesho.

Fundi, wewe ndiye ngao ya mwisho. Nunua geji, na kama huna uwezo peke yako, gereji tatu zichange zipate moja. Mfundishe mwanagenzi kunusa mpira kabla ya kufungua plagi, na umkataze kukunja bomba la kurudishia hata mteja akisihi. Ukigundua utando umepasuka, shika ufunguo wa gari hilo, mpigie simu mwenyewe, na usilitoe gerejini mpaka regyuleta mpya imefungwa, oili imebadilishwa, na presha imesomwa kwenye geji mkiwa pamoja.

Mpira wenye petroli ukionekana, gari lisimame hapohapo. Mwambie na jirani yako mwenye gari kama lako, leo.